Simu tatu, mishale mitatu: namna ya kuhakiki kibla cha msikiti Arusha na Moshi

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mdogo hapa Ngarenaro, Arusha. Vijana wetu wa madrasa walipima kibla kwa simu wakiwa ndani ya msikiti. Simu tatu zikaonyesha pande tatu, na hakuna hata moja iliyolingana na mihrabu, kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu. Tangu siku hiyo safu za nyuma wapo wanaojipinda wenyewe huku imamu ameelekea kwingine. Wazee wanasema mihrabu iliwekwa na masheikh na haiguswi. Vijana wanasema swala zetu za miaka yote ni batili. Tutumie programu ipi? Tuvunje mihrabu? Tulipe swala?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu katibu.

Kabla hamjapima tena chochote, rudisheni safu. Leo hii baada ya Isha imamu asimame awaambie watu kwamba mpaka kamati imalize kazi, wote wanaelekea mihrabu kama ilivyo. Mtu anayejipinda katikati ya safu kwa mshale wa simu asiyoijaribu hajafanya ijtihadi, yaani juhudi ya kutafuta kwa dalili, amebahatisha. Na mihrabu ya msikiti ulioswaliwa miaka na miaka, watu wakiingia na kutoka bila kuipinga, ni dalili yenye uzito kwa fuqaha (wanazuoni wa sheria) wetu wa Kishafii. Haimfai mtu kuja na rai yake akaupinga upande wenyewe, akasema kibla ni magharibi ilhali mihrabu iko kaskazini. Wanachoruhusu kujadiliwa ni kupinda kidogo, kulia au kushoto, ndani ya upande ule ule. Kwa hiyo wazee wamepatia kuiheshimu mihrabu, na vijana wamepatia kuuliza. Yaliyozidi ni maneno mawili tu: "haiguswi" na "batili". Yote mawili yafuteni kwenye mazungumzo yenu.

Sasa tuje kwenye simu. Programu yoyote ya kibla hufanya kazi mbili, na ugomvi wenu umetokana na kuzichanganya. Kazi ya kwanza ni hesabu: simu inajua ulipo, inajua Kaaba ilipo, inatoa namba ya nyuzi (digrii). Kazi ya pili ni dira: kipimasumaku kidogo ndani ya simu kinatafuta kaskazini, kisha mshale unachorwa kwa kuanzia hapo. Hesabu haina ugomvi. Kwa Arusha mjini kibla ni karibu nyuzi 7 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kwa Moshi ni nyuzi 5 na nusu. Waambieni vijana wafungue simu zote tatu wasome namba badala ya kufuata mshale. Nina hakika watakuta namba zile zile, au zinazopishana kwa sehemu ndogo ya nyuzi. Ikiwa simu moja inasema nyuzi 1 hivi, basi inadhani mko Dar es Salaam. Washeni huduma ya mahali, tokeni nje, subirini isome upya.

Kinachokosea ni dira, na ndani ya msikiti ina kila sababu ya kukosea. Juu kuna mabati na kenchi za chuma. Kwenye nguzo na sakafu kuna nondo. Pembeni ya mihrabu, mahali pale pale watu wanaposimama kupima, kuna spika, na ndani ya kila spika mna sumaku kubwa. Ongeza kava la simu lenye sumaku ya kufungia, funguo mfukoni, pikipiki iliyoegeshwa ukutani kwa nje. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuivuta dira nyuzi 10, 20 au zaidi, na kila simu itavutwa kwa namna yake. Huku kwetu kuna na jambo jingine: Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano, na mawe yake meusi yana madini ya chuma yenye usumaku. Ukiweka simu juu ya jiwe kubwa au juu ya msingi uliojengwa kwa mawe hayo, mshale unaweza kuyumba hata uwanjani.

Kwa hiyo swali la programu ipi halina faida. Ikiwa lazima mtumie simu, itoeni kwenye kava, tokeni mita 15 au 20 mbali na jengo na magari, izungusheni hewani kama mnaandika namba 8 mara kadhaa, kisha pimeni mahali patatu tofauti. Sehemu zote tatu zikikubaliana ndani ya nyuzi 3, mna kitu cha kuanzia. Kama hazikubaliani, tupeni kipimo hicho. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli hapa kwetu haifiki nyuzi 2, kwa hiyo hilo lisiwasumbue.

Ushahidi ninaouamini mimi ni jua. Halivutwi na bati wala spika, na mzee asiyejua kusoma na kijana mwenye simu ya bei wote wanaliona kwa macho yao. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwenu kuliko usahihi wenyewe, maana msikiti wenu hauna upungufu wa namba, una upungufu wa watu kuamini kitu kimoja.

Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini mwa Kaaba kabisa. Mara ya kwanza ni tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana; ya pili ni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa hizo ni za Makka, na Makka na Tanzania zinatumia saa moja, kwa hiyo hamna haja ya kubadilisha kitu. Katika dakika hiyo, kila anayelitazama jua popote duniani anatazama upande wa Kaaba. Kutoka Arusha jua litakuwa juu sana upande wa kaskazini, nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa macho, na kivuli kitaanguka kusini, kikielemea magharibi kidogo. Mstari unaotoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina lake ndio kibla.

Fundi wenu alete timazi, ule uzi wenye kizito mwishoni. Uzi wa timazi ni bora kuliko kijiti, kwa sababu kijiti kikilala nyuzi mbili hamtajua. Uning'inizeni kwenye ubao au ngazi uwanjani, penye saruji iliyonyooka, uzi ukiwa na urefu wa mita 2 kutoka juu mpaka chini, na ncha ya timazi ikaribie kugusa sakafu. Ikiwa upepo unautikisa, ichovyeni timazi ndani ya ndoo ya maji, itatulia. Kivuli cha uzi kitakuwa na urefu wa sentimita 93 hivi. Saa ya simu iwe imejiweka yenyewe kwa mtandao. Dakika ikifika, mtu mmoja aweke alama mbili za chaki juu ya kivuli, moja karibu na timazi na nyingine mwisho wa kivuli. Vuteni kamba juu ya alama hizo, pigeni chaki, mmemaliza.

Kinachoharibu hapa ni kuchelewa. Kwa latitudo yetu jua likiwa juu hivyo linahama haraka: dakika moja inawatoa karibu nusu ya nyuzi, na dakika kumi za kubishana nani ashike chaki zinawatoa nyuzi 5 au zaidi. Tarehe haina ukali huo. Mkiwahi au mkichelewa siku mbili tatu, kwa saa ile ile, tofauti haionekani kwa macho. Hili lina maana kwenu, kwa sababu mwisho wa Mei mawingu ya masika bado yapo, na Julai mjini Arusha na Moshi wingu la baridi mara nyingi halijaondoka hata saa sita. Jipeni siku tano mfululizo, mkikosa Jumatatu mtapata Jumatano.

Wapo watakaosema tusingoje, tutumie kivuli cha saa 6 kamili, kwani hicho si ndicho kinachoonyesha kaskazini? Hapana. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa mbali mashariki ya Arusha, kwa hiyo jua la hapa hufika katikati ya mbingu kati ya saa 6 na dakika 17 na saa 6 na dakika 47, kutegemea mwezi. Mwezi wa Juni, mtu akichukua kivuli cha saa 6 kamili akakiita kaskazini, amekosea zaidi ya nyuzi 15. Nadhani mihrabu kadhaa zilizopinda zina asili hiyo, maana kosa ni rahisi na linaonekana la busara.

Ikiwa mwezi wa jua la Kaaba uko mbali, ipo njia ya duara, ya zamani sana katika ilmu ya falaki (elimu ya jua na nyota), na inafanya kazi siku yoyote yenye jua. Simamisheni kijiti kilichonyooka cha mita 1, mkikihakikisha kwa pimamaji pande mbili. Saa 4 asubuhi wekeni alama kwenye ncha ya kivuli. Fungeni kamba kwenye shina la kijiti, mchore duara linalopita kwenye alama ile. Kivuli kitafupika mpaka baada ya saa sita, kisha kitarefuka upande wa pili. Karibu saa 9 alasiri ncha yake itaigusa tena duara. Hapo wekeni alama ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni magharibi na mashariki. Tafuteni katikati yake, vuteni mstari kutoka hapo kupita shina la kijiti: hiyo ni kusini na kaskazini ya kweli. Kwa kuwa wingu linaweza kuja saa 9, chukueni alama tatu asubuhi, saa 3 na nusu, saa 4 na saa 4 na nusu, mchore duara tatu. Moja tu ikikamilika inatosha, na zikikamilika zote tatu zitasahihishana.

Kutoka kaskazini kwenda kibla hamhitaji kipimapembe. Nyosheni kamba mita 10 kuelekea kaskazini. Mwisho wa kamba pigeni skwea kwenda kulia (fundi anajua: 3, 4 na 5), mpime mita 1 na sentimita 21, mpige kigingi. Kamba kutoka mwanzo hadi kigingi hicho ni kibla cha Arusha. Uwanja ukiwa mdogo, mita 5 na sentimita 61. Kwa ndugu zetu wa Moshi, mita 10 na sentimita 96.

Milima isaidie kuhakiki tu, na hapa pana mtego. Kutoka Mnara wa Saa wa Arusha mjini, kilele cha Meru kiko kaskazini-mashariki kidogo, nyuzi 23 hivi, kwa hiyo kibla kiko kushoto kwa kilele. Nyosha mkono mbele yako ukunje ngumi, upana wake ni nyuzi 10 hivi: kibla kiko kama ngumi moja na nusu kushoto kwa kilele. Ukienda magharibi, kama huko kwenu Ngarenaro, zinapita ngumi mbili. Lakini ukihamia Usa River, Meru yenyewe inakuwa kushoto kwako, na kibla kinakwenda kulia kwake. Kanuni ya mlima ya mtaa mmoja haihamishwi kwenda mtaa mwingine. Moshi mjini wamebahatika: kibla kinapita karibu na bega la kulia la Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, upande wa kuelekea kilele cha Mawenzi, na anayeamka Alfajiri kabla mawingu hayajapanda anaweza kukiona kwa macho.

Mkiulizwa kuhusu ramani, maana ubishi wa mstari wa ramani bapa na mstari wa dunia ya duara umeenea mtandaoni, jibuni kwamba ubishi huo ni wa watu wa Marekani. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja na sisi, kwa hiyo njia zote mbili zinapishana kwa sehemu ya kumi ya nyuzi. Mstari wenu unapita mashariki kidogo ya Nairobi, magharibi ya Addis Ababa, karibu na Asmara, unavuka Bahari ya Sham. Mzee aliyekuja na kanuni ya pwani, kwamba kibla ni kaskazini tu, hakuwa mbali: Dar es Salaam na Zanzibar kanuni hiyo inakosea nyuzi moja hivi, na akiileta Arusha inakosea nyuzi 7.

Sasa, mkishapata mstari uwanjani, uingizeni ndani. Nyosheni kamba sambamba na ukuta wa pembeni wa msikiti mpaka ikutane na mstari wa kibla. Kutoka zinapokutana, pimeni mita 3 kufuata kamba ya ukuta, kisha pimeni kwa skwea umbali hadi mstari wa kibla. Tuseme mmepata sentimita 64. Hizo mbili, mita 3 na sentimita 64, ndizo mnazoingia nazo ndani; rudieni kipimo hicho hicho kutoka kwenye ukuta ule ule, upande ule ule. Angalieni sana upande: kosa kubwa la mafundi ni kupindisha kushoto kilichopinda kulia. Mita 3 na sentimita 64 ni nyuzi 12, nami nitaichukua namba hiyo kuwa mfano.

Je, nyuzi 12 ni nyingi? Hapa ndipo watu wanapojidhulumu kwa kukosa elimu ya pande zote mbili, ya fiqhi na ya umbali. Kutoka Arusha hadi Makka ni kilomita 2,780 hivi. Nyuzi moja ya kupinda hapa ni karibu kilomita 47 kule. Hakuna fundi wala simu inayoweza kuhakikisha safu yako inaigonga Kaaba, ambayo upana wake ni mita kumi na kitu. Sheria haikumkalifisha mtu hilo. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 144: popote mlipo, elekezeni nyuso zenu upande wake. Neno ni upande. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra: "Baina ya mashariki na magharibi ni kibla." Aliyasema Madina, ambako Makka iko kusini, na maana yake kwetu sisi tulio kusini ya Makka ni ile ile kwa upande wa kaskazini. Imamu Shafii alikuwa mkali zaidi ya wenzake, akataka mtu akusudie Kaaba yenyewe, lakini kwa aliye mbali hata yeye anatosheka na dhana yenye nguvu iliyotokana na dalili. Wanazuoni wengi wanaohesabu kwa pembe wanasema mtu hajatoka kwenye upande wa kibla maadamu hajapinda zaidi ya nyuzi 45 kulia au kushoto.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kamati ni huu. Mkikuta tofauti isiyofika nyuzi 5, acheni kama ilivyo, kwani kipimo chenu chenyewe kina kosa la nyuzi moja au mbili. Ikiwa ni zaidi ya hapo lakini haijafika 45, swala ni sahihi, na safu zirekebishwe kwa utulivu, kwa sababu aliyekwisha kujua lililo sahihi zaidi hana sababu ya kuendelea na lililopungua. Ikipita 45, safu zigeuzwe mara moja, na suala la swala zilizopita mlipeleke kwa sheikh wa wilaya pamoja na vipimo vyenu, msiliamue barazani. Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba aliyeyakinisha kuwa alikosea upande mzima huirudia swala. Madhehebu mengine yana wepesi zaidi kwa aliyejitahidi. Lakini hayo ni ya kukosea upande. Kupinda kulia au kushoto ukiwa mbali na Makka ni jambo jingine, na fuqaha wamesema wazi kwamba kwa umbali huo hakuna yakini ya kosa, kuna dhana tu, na dhana mpya haivunji ibada iliyokwisha kutimia kwa dhana ya zamani.

Wasomeeni vijana habari ya Quba, kitongoji cha Madina, iliyo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Waislamu walikuwa wameelekea Baytul Maqdis (Yerusalemu) miezi 16 au 17 tangu kufika Madina. Amri ikashuka. Watu wa Quba walikuwa ndani ya swala ya Alfajiri mjumbe alipowafikia na habari, wakageuka hapo hapo, wakamaliza swala. Hawakuambiwa warudie rakaa walizoziswali kabla, wala swala zilizowapita tangu amri iliposhuka bila wao kujua. Na hao walikuwa wamegeuka kutoka kaskazini kwenda kusini, si nyuzi 12. Kijana anayemwambia babu yake kwamba swala zake za miaka arobaini ni batili kwa sababu ya mshale wa simu anasema juu ya dini ya Mwenyezi Mungu jambo asilolijua, na anamvunja moyo mtu mzima aliyesimama Alfajiri za baridi za Arusha. Aombe radhi. Nasema hivi nikiwa namheshimu kijana huyo kwa kuuliza.

Mihrabu msiivunje. Si nguzo ya swala wala sharti lake, ni alama tu. Imamu anaweza kusimama ndani yake au mbele yake akiwa amepinda kufuata mstari, na maamuma (wanaoswali nyuma yake) wakafuata mstari huo. Kinachobadilika ni sakafu. Kwanza tandikeni mistari kwa tepu ya karatasi juu ya zulia lililopo, mswali nayo wiki mbili. Katika wiki hizo mtajua nguzo ipi inakata safu na nani anakaa nyuma ya nguzo. Kila safu iachiwe mita 1 na sentimita 20, chini ya hapo mtu mrefu anasujudu juu ya visigino vya mwenzake. Kwa chumba chenye upana wa mita 8 na nyuzi 12, mwisho mmoja wa safu utakuwa mbele ya mwisho wa pili kwa mita 1 na sentimita 70. Maana yake pembe moja ya mbele na moja ya nyuma zitabaki pembetatu. Ya mbele iwe ya mimbari na rafu ya misahafu, ya nyuma iwe ya safu fupi au viatu. Mtapoteza safu moja hivi. Siku ya Ijumaa mtaisikia hasara hiyo, kwa hiyo pangeni mapema turubai la nje.

Mkinunua zulia jipya la roli lenye safu, la upana wa sentimita 120, kumbukeni litalala mshazari: kila roli itakatwa pembetatu ya sentimita 26 kila mwisho. Kwa chumba cha mita 8 agizeni mita 8 na nusu kwa kila roli. Wanaoagiza mita 8 kamili hujikuta na kona tupu zisizozibika. Na upande wa kina mama, nyuma ya pazia, ugeuzwe siku hiyo hiyo. Mara nyingi husahaulika, kisha kwa miezi kina mama wanaswali kwa mstari wa zamani huku wanamfuata imamu aliyegeuka.

Nigusie madrasa, kwa sababu chanzo cha yote haya kipo pale. Watoto wetu wanakariri kwamba kuelekea kibla ni sharti la swala, wanaandika, wanajibu mtihani, na hawajawahi hata siku moja kuoneshwa kibla kinatafutwaje. Anayejua hukumu bila kujua namna ataamini mshale wa kwanza atakaouona. Kazi ya duara inahitaji kijiti, kamba, chaki na Jumamosi moja. Wapeni vijana wale wale watatu waisimamie, wazee wakae vitini watazame, na mwalimu aeleze kila hatua. Mtoto wa miaka 11 anaielewa. Akishachora duara mara moja, ataijua kaskazini mahali popote atakapokwenda kuswali, iwe shambani, iwe bweni la shule, iwe kituo cha basi. Nyota ya kaskazini wanayoisoma vitabuni isiwahangaishe, kwa kuwa kwetu kusini ya ikweta haionekani.

Siku mkijenga upya au kupanua, mstari wa kibla upigwe kabla ya mchoro, si baada ya msingi. Viwanja vya mjini hufuata barabara, na barabara hazikupangwa kwa kibla. Mkipima mapema mnaweza kuugeuza ukumbi wa swala peke yake na kuziacha ofisi na madarasa yafuate kiwanja. Hapo hapo kwenye mchoro angalieni vyoo: anayekaa asielekee kibla wala kukipa mgongo. Ndani ya jengo fuqaha wamelegeza, lakini kugeuza bakuli la choo kwenye karatasi hakuna gharama, na kuligeuza baada ya vigae ni kubomoa.

Mwisho wa kipimo, fundi azame misumari miwili ya shaba kwenye sakafu ya saruji, mita 3 kati yao, juu ya mstari wa kibla, chini ya zulia. Shaba haivutwi na sumaku wala haipati kutu. Kwenye daftari la kamati andikeni tarehe, saa, njia iliyotumika, majina ya waliokuwepo wazee kwa vijana, na zile namba mbili za ukutani, kisha wote watie saini.